Nalala kwenye nyumba ya Olimpiki, katika mji ulioikataa Olimpiki

Ijumaa ya tarehe 6 Februari, jioni, nilikuwa kwenye lifti ya jengo letu na mifuko ya viazi na unga, nikikimbilia kufika juu kabla ufunguzi wa Michezo ya Milano Cortina haujaanza kwenye televisheni. Mlango ulipotaka kufunga, bibi wa ghorofa ya saba akaingiza kigari chake cha kutembelea. Ni mzee wa miaka themanini na kitu. Hapa Innsbruck, Austria, watu hawana mazoea ya kuongea ndani ya lifti, kila mmoja hutazama namba zinavyobadilika hadi afike kwake.

Siku hiyo bibi akaongea.

"Hayo yote yangekuwa hapa kwetu," alisema. "Tuliyakataa. Mimi pia nilikataa."

Nikatabasamu kwa heshima, nikidhani yameisha. Akanigeukia: "Na wewe? Ungekuwa na kura, ungepigaje?"

Lifti ikasimama kwenye ghorofa yangu. Nikamtakia usiku mwema nikatoka bila kumjibu.

Michezo imekwisha, mwenge umezimwa kule Italia, na mimi bado nalizungusha swali lile kichwani.

## Mtaa wenyewe

Tunaishi O-Dorf, kwa kirefu Olympisches Dorf, mashariki mwa mji, kando ya mto Inn. Ukishuka kwenye tramu unaona maghorofa marefu ya zege yamesimama kwa safu, na nyuma yake ukuta wa milima ya Nordkette umeinuka ghafla, kama vile mtu amesahau kuacha nafasi kati ya mji na mlima. Majengo ya kwanza yalijengwa kwa ajili ya wanamichezo wa mwaka 1964. Mengine yakaongezwa pembeni kwa ajili ya Michezo ya 1976. Kila mara wageni walipoondoka, wenyeji waliingia na makabati na watoto wao.

Bibi aliingia baada ya ile ya 1976. Aliniambia siku nyingine, tukisubiri tramu, kwamba kabla ya hapo yeye na mumewe walikuwa wamebanana kwa wakwe zake, chumba kimoja, na kwamba siku ya kwanza humu ndani alifungua bomba la maji ya moto akaliacha litiririke tu, apate kulisikia.

Siku hizi mtaa una kila mtu. Waturuki, Waserbia, Wasiria, wazee wa Kitirol, wenyeji wa jimbo hili la Tirol, wanaokagua kama umetenganisha takataka sawasawa, na sisi wachache wa Afrika Mashariki tunaosalimiana kwa sauti kubwa kuliko inavyokubalika. Watu wengine mjini wanauzungumzia mtaa huu kwa kubinya midomo. Lakini kupanga nyumba Innsbruck ni ghali kuliko karibu kila mahali Austria, na sisi wa O-Dorf tuna paa.

Paa hilo lililetwa na mashindano ya theluji.

## Mwaka theluji ilipokataa kuja

Mwaka 1964 mji ulikuwa umejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ukame wa theluji. Ilibidi jeshi liitwe. Wanajeshi walikata matofali ya barafu 20,000 huko juu na kuyashusha hadi kwenye njia za bobsledi na luji, yaani sledi za kushuka kwa kasi juu ya barafu. Walisomba mita za ujazo 40,000 za theluji kupeleka kwenye miteremko ya skii. Siku kumi hivi kabla ya ufunguzi ikanyesha mvua, kazi ikaharibika, wakaanza tena kushindilia theluji kwa mikono na kwa miguu.

Hiyo ilikuwa miaka sitini iliyopita, kabla mabadiliko ya tabianchi hayajawa gumzo la kila siku. Nikisikia watu wakisema zamani theluji ilikuwa ya uhakika, huwa nawakumbuka wale wanajeshi.

Michezo ikafanyika, ikasifiwa. Pia wanamichezo wawili walikufa mazoezini kabla haijaanza, Mwingereza wa luji na kijana wa Australia wa skii. Hilo halitajwi sana kwenye mabango ya utalii.

## Hapana ya watu wengine

Mwaka 1976 haukuwa wa Innsbruck. Denver ndiyo iliyopewa uenyeji, mwaka 1970. Ila Novemba 1972 wananchi wa jimbo la Colorado walipigiwa swali la fedha, na karibu asilimia 60 wakasema fedha zao zisitumike. Waliogopa madeni, waliogopa misitu yao kufyekwa, waliogopa jimbo kufurika wageni wasiorudi kwao. Denver ikajiondoa. Mwanzoni mwa 1973 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaikabidhi Innsbruck, iliyokuwa na viwanja tayari na hamu tayari.

Nilijua habari za Denver siku nyingi. Kilichonipata usiku mmoja mwezi uliopita, nikiwa nimelala macho, ni kule kuziunganisha na dari niliyokuwa naitazama. Jengo letu ni la awamu ya pili. Kama watu wa Colorado wangesema ndiyo, bibi asingefungua bomba lile la maji ya moto, na mimi sijui ningekuwa napanga wapi.

Nalala chini ya paa lililoletwa na hapana ya watu wa milima mingine.

Hapo ndipo swali la kwenye lifti lilipoanza kuwa gumu. Kabla ya usiku ule ningejibu haraka: bila shaka ningekataa, kwani mabilioni ya nini.

## Karatasi ya 2017

Tirol imeulizwa zaidi ya mara moja. Miaka ya tisini ilikataa, mwaka 1993 na tena 1997. Halafu ikaja tarehe 15 Oktoba 2017, siku moja na uchaguzi wa bunge la Austria. Gavana wa jimbo alitaka, meya wa Innsbruck alitaka, wenye hoteli wengi walitaka. Upembuzi wao ulisema Michezo ya 2026 ingeendeshwa kwa karibu euro bilioni 1.2, kwa kutumia zaidi viwanja vilivyopo: kuruka kwa skii Bergisel, biathloni (skii pamoja na kulenga shabaha) Hochfilzen, skii za nyika Seefeld, bobsledi Igls.

Nilionyeshwa swali lenyewe na mwenzangu wa kazini aliyekuwa bado na picha ya karatasi kwenye simu yake. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: Je, Jimbo la Tirol litoe ombi la kujiamini kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya majira ya baridi inayojali mazingira, inayolingana na eneo letu, na inayobebeka kiuchumi na kijamii?

Mtu akikuuliza hivyo, ameshakujibia. Ni kama yule anayekuletea kadi ya mchango wa harusi huku kiasi kimeshaandikwa.

Watirol hawakupenda. Asilimia 53 na kidogo walisema hapana. Ndani ya mji wa Innsbruck hapana ilifika asilimia 67, maana yake nje ya mji kura ziligawanyika karibu nusu kwa nusu. Hilo la mji ndilo linalonishughulisha. Waliokataa kwa nguvu zaidi ni wale ambao tayari wana Bergisel, wana ukumbi wa barafu, wana O-Dorf, wana vyungu viwili vya mwenge wa Olimpiki vinavyoonekana hadi barabara kuu.

Nimewasikiliza sana watu wa hapa, maana kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani inanipa masikio mengi. Hawachukii michezo hata kidogo. Wanachosema ni kodi za nyumba. Wanasema malori, maana bonde lao ni njia ya kwenda Brenner, kipito cha mpaka wa Italia, na zaidi ya malori milioni mbili hupita kila mwaka, na wewe unataka kuwaongezea foleni. Wanasema watalii wamejaa tayari: jimbo la watu wasiofika laki nane huuza karibu malazi milioni 50 kwa mwaka. Na wanasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba hawaiamini kamati ya Olimpiki yenye makao yake Lausanne. Sochi ya 2014 ilitajwa kugharimu dola zaidi ya bilioni 50. Baada ya hapo Kraków wakakataa kwa kura, Oslo wakajitoa, na Michezo ya 2022 ikabaki kugombewa na Beijing na Almaty tu. Bavaria walishakataa 2013, Graubünden kule Uswisi 2013 na tena 2017. Mwaka 2018 wakafuata Wallis na Calgary.

Safu nzima ya milima ilikuwa inatikisa kichwa.

## Bergisel, tarehe 4 Januari

Wala usidhani mkoa huu haupendi mashindano. Kila mwanzo wa Januari mashindano ya kuruka ya Vilima Vinne hufika Bergisel. Niliwahi kwenda na wenzangu wa kazini. Watu maelfu, tarumbeta, soseji, mvinyo wa moto, watoto wamekaa mabegani. Mnara wa kurukia, kazi ya Zaha Hadid, umesimama juu ya kilima kama kitu kilichotua kutoka angani.

Mwenzangu akaninong'oneza nitazame moja kwa moja chini, anakotazama mrukaji akiwa ameketi kwenye boriti. Nikatazama. Ni makaburi. Makaburi ya Wilten, yamepangwa vizuri, yenye mishumaa, sawia kabisa na mstari wa macho ya kijana anayejiandaa kujirusha.

Hakuna aliyeyahamisha. Kijana akaachia boriti, akaruka, na uwanja ukalipuka.

Uwanja huohuo Desemba 1999, kwenye tamasha la snoubodi, vijana watano walikufa kwa kukanyagana wakati wa kutoka. Wenyeji wa umri wangu wanakumbuka walikuwa wapi usiku ule. Kwa hiyo mtu wa Innsbruck akikwambia umati mkubwa humtisha, anaongea anachokijua.

Orodha ya waliyoyakaribisha hata baada ya hapo ni ndefu: Olimpiki ya Vijana mwaka 2012, mbio za skii za Kitzbühel kila Januari, mashindano ya dunia ya biathloni Hochfilzen 2017. Seefeld 2019 walipata mashindano ya dunia ya skii za nyika na za kuruka, na katikati yake polisi wakavamia vyumba na kumkuta mwanamichezo mmoja na sindano bado mkononi, damu ikiingia, udanganyifu wa kujiongezea nguvu. Hiyo nayo huja na uenyeji. Mbio ziliendelea.

Lakini hayo yote yana ukubwa ambao bonde linauweza. Yanakuja, yanajaza hoteli wiki moja, yanaondoka. Kwetu Moshi kila mwisho wa Februari mji hufurika kwa ajili ya marathoni ya Kilimanjaro, vyumba hakuna, bei ya ndizi hupanda kidogo, na Jumatatu mji umerudi kwa wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia tupige kura juu ya hilo.

## Ng'ambo ya Brenner

Sasa, Michezo ambayo Tirol iliikataa ilikwenda wapi? Tarehe 24 Juni 2019 Milano Cortina iliishinda Stockholm kwa kura 47 kwa 34. Yaani iliruka mpaka tu. Biathloni ya 2026 ilifanyika Antholz, huko Tirol Kusini, ambako watu huongea Kijerumani na babu zao walikuwa nchi moja na babu za huku. Wenzangu kadhaa walipanda treni ya Brenner wakaenda kutazama, wakarudi wekundu kwa jua, wanafuraha. Mmoja alisema: "Safi sana. Tumekula, wamelipa wao."

Nilicheka naye. Baadaye nikajiuliza wao ni nani.

Chukua njia ya bobsledi. Igls, juu kidogo ya mji huu, kuna njia iliyojengwa kwa ajili ya 1976, ya kwanza ya Olimpiki kuunganisha bobsledi na luji kwa barafu ya mitambo, na inatumika hadi leo. Italia iliambiwa na kamati yenyewe ya Olimpiki: tumieni iliyopo, hata kama ni nje ya nchi. Oktoba 2023 wakakubali. Miezi michache baadaye serikali yao ikageuka, mkataba ukasainiwa, miti ya jamii ya msonobari ikakatwa juu ya Cortina, na njia mpya ikajengwa kwa takribani euro milioni 120. Italia hiyohiyo ilijenga njia nyingine Cesana kwa ajili ya Torino 2006, nayo ilifungwa baada ya miaka michache. Mchezo wenyewe una wachezaji wachache mno. Nani atakuwa anashuka pale Cortina mwaka 2036?

Kilichonimaliza kabisa ni vijiji vya wanamichezo. Milano, mji tajiri kuliko yote Italia, umepata majengo ya kudumu eneo la Porta Romana, ya kugeuzwa makazi ya wanafunzi. Cortina, mji wa mlimani ambako vijana wanahama kwa sababu hawawezi kununua hata stoo, ulipata nyumba za magurudumu. Mamia ya nyumba za magurudumu zilipangwa kwenye uwanda wa Fiames, wanamichezo wakalala humo, na zinatakiwa kuondolewa.

Nilisoma habari hiyo mara mbili jikoni, nikainua macho kuitazama kuta zangu za mwaka 1976.

## Basi ningepigaje?

Kwa wiki kadhaa nilijitetea kwa upande wa ndiyo. Nilisema: hawa wazee wanakataa kwa sababu wao walishapata. Bibi ana nyumba yake ya awamu ya pili, kodi yake haijawahi kumkosesha usingizi, halafu anamfungia mlango kijana anayetafuta chumba leo. Nilikasirika kidogo, nakiri, kila nikimwona na kigari chake.

Nikampigia kaka yangu Moshi. Nikamweleza habari za kura, karatasi, asilimia. Kule wanajiandaa na AFCON 2027, uwanja mpya unajengwa Arusha, na kwetu wala Kenya wala Uganda hakuna mwananchi aliyepewa karatasi aseme anataka au hataki. Nilitegemea anisaidie kulalamika. Akasema: "Sisi tuulizwe nini tena? Barabara ikija, ije tu." Kisha akaniuliza kama huko Ulaya watu hawana kazi ya kufanya hadi wapige kura juu ya mpira.

Ninamwelewa. Mwaka 1959, Innsbruck ilipochaguliwa kwa ajili ya 1964, nadhani hata mji huu ungejibu kama kaka yangu. Vita ilikuwa haijasahaulika, nyumba hazitoshi, madaraja hayatoshi. Michezo ilikuwa kisingizio cha kujenga vilivyohitajika hata bila michezo.

Nina udhaifu mwingine upande wa ndiyo, nao jina lake ni Philip Boit. Mkenya, mwanariadha wa mbio za kati aliyefundishwa skii ukubwani, akaingia kilomita 10 za Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimsubiri kwenye mstari kwa muda mrefu hadi afike, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Tulikuwa wadogo, televisheni ya mtaa mzima ilikuwa moja, na sijui kama kuna mtu aliyetoka pale bila kutaka kuigusa theluji. Kitu kama hicho hakipatikani kwenye mashindano kama ya Seefeld. Kinahitaji jukwaa zima la dunia, na jukwaa hilo lazima mtu alikubali nyumbani kwake.

Lakini jukwaa lenyewe limebadilika. Ombi la 2017 lilijivunia kwamba halitajenga kipya. Ilikuwa hoja nzuri kwa mazingira na kwa mfuko wa serikali, nami naikubali. Ila maana yake nyingine ni kwamba lisingeacha nyumba za maana. Bonde lingepata wiki tatu za foleni, bei za Airbnb, ulinzi na helikopta, halafu wageni waondoke na vitanda vyao. Faida ambayo mimi naifaidi kila usiku haikuwa kwenye ombi lile. Cortina imenionyesha ingekuwaje.

Kwa hiyo ningepiga hapana. Ningeipiga bila raha, na nisingejifanya ni kura ya usafi, maana najua anayebaki nje si bibi wala si mimi. Ni yule dada wa Nakuru anayefanya kazi hospitalini, anayelala kwenye sofa ya rafiki yake hapa ghorofa ya tatu tangu vuli, anayetuma maombi ya chumba na kujibiwa kimya. Yeye hapana ya 2017 haikumpa kitu. Ndiyo nayo isingempa.

Wenzetu wa Alpi za Ufaransa wamepewa Michezo ya 2030. Walitangazwa Paris tarehe 24 Julai 2024, na hakuna kura ya wananchi iliyotangulia. Uswisi nayo iko kwenye mazungumzo maalumu juu ya 2038, baada ya mikoa yake kukataa mara zote hizo. Nitakapoona ramani zao nitaruka ukurasa wa viwanja, maana viwanja wanavyo. Nitatafuta vitanda: vinajengwa wapi, mlimani au mjini, na Machi ikifika nani anakabidhiwa funguo.